Mstari Uwe Chini

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe ishirini na moja, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Dakika nazijua kwa sababu nilikuwa nimevaa saa ya chama shingoni, nimepewa kazi ya kusimamia mahali pa kumalizia. Ndani ya msitu wa misonobari ikalia filimbi. Ikalia mara sita, ikanyamaza, ikalia tena mara sita. Katika mchezo wetu filimbi ya mara sita haina maana mbili. Mtu ameumia.

Na kabla hawajaniambia ni nani, nilishajua. Moyo una masikio yake.

Alikuwa ni yule mwanamke niliyepanga kumwambia neno asubuhi hiyo hiyo, akishamaliza, akiwa bado anahema, mimi nimemshikia chupa ya maji. Neno lenyewe nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima kama wenzangu walivyofanyia miguu yao. Sikulisema. Nilisema mengine, mbele ya watu arobaini, na hayo mengine ndiyo yanayonifanya mpaka leo nikipita kwenye kioo cha dukani kwangu nitazame pembeni.

Ngoja nirudi nyuma, maana hadithi ya mapenzi haianzi na filimbi.

Mimi ni fundi wa kufuli. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, ila polepole, kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Miezi mitatu kabla ya hapo niliitwa kukata kufuli la stoo ya chama cha mchezo wa dira na ramani, maana Mwenyekiti wao alikuwa amepoteza ufunguo. Nikacheka kimoyomoyo. Watu wa kutafuta njia msituni, ufunguo umewashinda. Mwenyekiti mwenyewe ni mpima ardhi mstaafu, mrefu, mkavu kama rula, anayesema neno moja mahali pa matano.

Mlangoni pa stoo alikuwepo mwanamke amekaa juu ya kreti, amejaza mapajani vitambaa vya rangi ya chungwa na nyeupe, anashona vibendera. Hakunyanyua macho. Akaniambia, "Fundi, likate taratibu. Nikishtuka nitajichoma."

"Nikilikata taratibu nitamaliza kesho."

"Kwani kesho una safari?"

Ndipo akanyanyua macho. Kufuli lile nililikata kwa saa nzima, kazi ya dakika tano.

Kazi yake ni kushona mapazia. Pale chamani wanamwita Sindano, kwa ajili ya cherehani na kwa ajili ya dira, maana yeye akishika ramani hayumbi, anaelekea kaskazini yake moja kwa moja. Aliwahi kuolewa, akaachika akiwa bado kijana, akajilea mwenyewe. Mimi jina langu pale likawa Lawama. Walinipa kwa utani, lakini utani haukosi mzizi. Mvua ikinyesha nina wa kumlaumu. Barabara ikiwa na shimo namjua mwenye cheo aliyelisahau. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita mikononi mwa watu wenye koti jeupe, na tangu hapo mtu yeyote mwenye cheo, hata awe mlinzi wa geti, nilikuwa namtazama kama mdaiwa.

Mchezo wenyewe si wa vikombe. Unapewa ramani, dira na kadi. Msituni kumetundikwa vibendera, kila kimoja kina kibao cha namba na kidude chenye meno cha kutobolea kadi. Unavitafuta kwa mpangilio, unatoboa, unarudi. Wengi wetu ni watu wa makamo wenye vitambi na onyo la daktari. Mashindano yetu ya ndani yalikuwa yamepangwa Jumamosi ile, na Mwenyekiti akatupa wiki nzima ya mazoezi, wawili wawili. Mimi nikapangwa na Sindano. Nani alipanga sijui. Kwa mara ya kwanza sikutaka kumjua aliyehusika.

Jumatatu ilikuwa mbio za polepole kuzunguka bustani ya mji. Asubuhi binti yangu, ambaye ana miaka ishirini na sita na ulimi wa mama yake, akanikuta jikoni nimevaa kaptula. Akaniuliza naenda wapi na miguu ile. Nikamwambia mazoezini. Akaniuliza na yule mama wa mapazia naye yupo? Nikasema yupo. Akaweka kikombe mezani kwa nguvu.

"Ana nini huyo mama, baba?"

"Ana dira."

Hakucheka. Alisema majirani wana macho, na kwamba mama yake hata nguo zake hazijatoka kabatini. Akauliza kama mama angekuwa hai ningekimbia naye bustanini. Nami nikajibu jibu langu la siku zote, kwamba mama yako angekuwa hai kama wale wenye koti jeupe wangejua kuandika. Binti akachukua kikombe chake, akatoka. Jibu lile lilikuwa kufuli langu. Nikilifunga, hakuna aliyepita.

Jumanne tulihesabu hatua. Mwenyekiti alitandaza kamba ya mita mia kwenye nyasi, akasema tuhesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga, ili msituni ujue umekwenda umbali gani bila kubahatisha. Mimi nikapata hamsini na nane. Sindano sitini na sita.

"Kwa hiyo tukiongozana," akasema, "mimi nitachoka mara nane zaidi yako."

"Nitafupisha."

Tukarudia kamba ile bega kwa bega, nimezifupisha hatua zangu mpaka tukawa tunakanyaga pamoja, tunahesabu pamoja kwa sauti ya chini, na tulipofika mwisho wote tukasema sitini na sita. Tukabaki tumesimama. Bega lake lilikuwa na joto. Nikakumbuka kwamba marehemu mke wangu, kwa miaka ishirini na minne, alikuwa akinikimbilia nyuma sokoni akisema ningoje, na sikuwahi kumfupishia hata hatua moja. Nikaona haya, nikasingizia jua.

Jumatano Mwenyekiti alitufundisha ramani. Alitupanga kwenye mabenchi ya bustani akasema ramani haina kichwa wala miguu mpaka wewe uipe. "Ukigeuka wewe, geuza na ramani," akasema, na akatufanya tugeuke na kugeuza mpaka kizunguzungu kikatushika. Kisha akaanza habari ya vibao vya namba. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Sindano. Shingoni kwake, juu kidogo ya ukosi, kulikuwa na uzi wa rangi ya chungwa umemganda. Nikawa nashindana na nafsi yangu, niutoe nisiutoe. Ukiutoa bila ruhusa ni utovu wa adabu. Ukiuacha, atatembea nao mjini. Kwa mbali nasikia Mwenyekiti anasema namba, anasema mstari, anasema chini. Akaniuliza ghafla kama nimemwelewa.

"Nimekuelewa, mzee."

"Nimesema nini?"

"Umesema mengi."

Watu wakacheka, naye akaniachia. Mtu mzima akidanganya kuwa ameelewa, hakuna mwalimu wa kumchapa.

Tulipotawanyika niliutoa ule uzi. Sindano akageuka, akautazama kidoleni mwangu, akaniuliza muda wote ule nilikuwa namtazama yeye au uzi. Nikasema uzi. Akasema, "Fundi, hata kudanganya hujui," na akaenda zake anacheka, na mimi nikautia uzi ule kwenye pochi, pamoja na kikaratasi ninachotembea nacho miaka mitatu.

Kikaratasi ndicho nilichomwonyesha Alhamisi. Siku hiyo zoezi lilikuwa ngazi za uwanja wa mpira, kupanda na kushuka mara kumi. Mara ya saba nikaishiwa pumzi, tukakaa juu kabisa, uwanja mtupu chini yetu, jua la asubuhi linapanda viti kimoja kimoja. Akaniuliza mke wangu alikufaje. Habari hiyo nilishawasimulia wateja, majirani, hata watu wa foleni. Lakini hakuna aliyewahi kuweka chini chupa yake ya maji ndipo asikilize.

Nikamweleza. Mke wangu alikuwa kitandani, mimi nikaenda hospitali kuchukua dawa na siku ya kumpeleka afanyiwe upasuaji. Muuguzi kijana alikuwa na watu wengi, akachana kipande cha karatasi akaandika tarehe. Tarakimu moja tu. Akasema mlete siku hii, usichelewe. Nikakifunga uzi kikaratasi kile, nikakitundika msumarini jikoni ili tusisahau. Tarehe tisa nikambeba mke wangu mpaka pale. Wakasema tumechelewa siku tatu, alitakiwa tarehe sita. Siku ya pili yake akafa.

"Nikarudi pale na kikaratasi nimekishika kwa uzi wake," nikamwambia, "nikakining'iniza mbele ya uso wa yule muuguzi. Nikamuuliza, hii ni sita hii? Unajua alinijibu nini? Alitokwa machozi ya uongo, akaninyooshea kidole, akasema, 'Geuka, baba.' Mimi, mfiwa, nigeuke niondoke, kama mbwa aliyeingia jikoni. Nikamwambia sigeuki. Nikawaendea wakubwa wake kila siku mwezi mzima, mpaka wakamwondoa wodini."

Nikatoa kikaratasi kwenye pochi, nikakishika kwa uzi, kama nilivyozoea. Sindano alikitazama kwa muda mrefu. Akauliza ule mstari wa juu ya namba ni wa nini.

"Mbwembwe tu. Watu wa koti jeupe hawaandiki bila mbwembwe."

 Sindano akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, pale pale juu ya kikaratasi, akauacha. Mkono una vidole vya mtu wa kazi, ncha ngumu kwa kuchomwa na sindano. Nikaamini kwamba amenielewa. Nikaamini kwamba Jumamosi nitasema.

Ijumaa Mwenyekiti alinipa mfuko wa vibendera kumi na kimoja na ramani yenye miduara, niende nikavitundike, maana mimi sikuwa nashindana, goti langu lilikuwa limevimba kwa zile ngazi. Akasema mchana atapita kukagua. Nikakasirika. Nikamwambia mzee, hunipi kazi ya mtu mzima kisha ukanichunga kama mtoto. Kama huniamini, tundika mwenyewe. Akanitazama, akasema, "Basi, Fundi. Sitakagua."

Nilifanya kazi nzuri, kwa mikono. Waya niliukaza kwa koleo, hakuna upepo ambao ungevitikisa. Cha sita kilikuwa kwenye mwamba mkubwa uliopasuka katikati. Wakati nakikaza nilikuwa nalisema lile neno kwa sauti, peke yangu, misonobari inasikiliza. Sindano, mimi si mtu wa maneno. Hapana. Sindano, kama hutajali. Hapana. Kibao kilikuwa na tarakimu mbili na mstari. Nikauona mstari uko juu kama ukingo wa kofia, nikaona kimependeza, nikakaza waya, nikaenda.

Kesho yake ikalia filimbi.

Walimkuta ng'ambo ya kilima, ndani ya shimo la zamani la kuchimbia mawe, kifundo cha mguu kimegeuka upande usio wake. Walimleta juu ya makoti mawili yaliyopitishwa miti. Uso ulikuwa mweupe kama chaki, lakini sauti ilikuwa yake. Alisema alifika kwenye mwamba uliopasuka, na hesabu yake ya hatua ilisema amefika. Alikuwa anatafuta themanini na sita, kama kadi yake ilivyosema. Kibao kikamwambia tisini na nane. Akasema, "Nikaona bora nijitilie shaka mimi kuliko kibao. Nikaendelea mbele."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Nilimgeukia Mwenyekiti. Sitaandika yote, kalamu nayo ina aibu yake. Nilisema kwamba wenye vyeo ni wale wale, awe na koti jeupe au awe na filimbi. Wanaandika namba za ovyo kisha wanyonge wanavunjika. Nilisema mimi nimeshazika mtu kwa namba iliyoandikwa ovyo na sitaki kuzika wa pili. Watu waliinamisha macho. Wengine walitikisa kichwa kukubaliana nami. Kidonda changu walikuwa wanakijua, na mwenye kidonda huachiwa aseme.

 Mwenyekiti alitembea mwenyewe mpaka kwenye mwamba, akarudi na kibendera. Akasimama nacho mbele yetu, akakitazama kibao. Kisha nikaona kiganja chake kinazunguka polepole, vile vile ninavyozungusha ufunguo mpya kusikiliza kama umeshika. Kibao kikapinduka. Nikaona mstari unatoka juu, unakwenda chini, na namba zinakuwa namba nyingine.

Mimi peke yangu niliona. Wengine walikuwa wanamtazama majeruhi.

Akakitia kibao mfukoni. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kosa ni langu. Sikukagua."

Alipopita karibu yangu akasimama nukta moja, akainama kidogo kwa ule urefu wake. "Fundi," akanong'ona. "Mstari uwe chini." Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ningepata pa kushikilia.

Na mimi, niliyekwisha kuona, niliyekwisha kujua, nikasema kwa sauti watu wakisikia, "Angalau amekiri."

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Sindano. Pochi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na tangu jana sikuwa nimeifungua, hata kutoa nauli. Nilikwenda kwa miguu, umbali wa hatua elfu mbili na kitu, nikihesabu kila mguu wa kulia ili nisifikiri.

Aliyefungua mlango ni kaka yake mkubwa, karani, mtu wa suti hata Jumapili. Huyu ndiye aliyewahi kumwambia dada yake kwamba mwanamume anayekata kufuli kwa riziki yake hutamjua amekuja kama mgeni au kama mwizi. Nilitegemea anitoe pale pale mlangoni. Badala yake akanikaribisha kwa mikono miwili.

Chumba kilikuwa kimejaa mapazia yaliyokatwa nusu. Sindano alikuwa kwenye kochi, mguu wenye plasta juu ya stuli ya cherehani, mkononi ana kipande cha kitambaa cha chungwa anapinda ukingo kwa mkono. Aliponiona alitabasamu, na tabasamu lile likanichoma kuliko maneno yote ya jana. Nikaelekea kiti kilichokuwa karibu naye.

"Usikae hicho," kaka akasema. "Hicho ni cha shemeji, na shemeji bado hatuna." Akacheka mwenyewe. "Lakini tutaongea habari za kiti. Kwanza hili."

Akatoa karatasi iliyopigwa chapa. Alikuwa ameandika barua kwa kamati ya chama. Akaisoma yote, anatua kwenye kila nukta. Mwenyekiti ni mzembe. Mwenyekiti amekiri mbele ya mashahidi. Mwenyekiti aondolewe na asiongoze tena kundi lolote la watu msituni. Chini palikuwa na mistari miwili, mmoja wa saini yake, mmoja wa saini yangu. Akasema jana niliongea kama mwanamume, familia nzima imesikia, na kwamba alikuwa amenidharau bure. Akanipa kalamu. Akakisogeza kile kiti kwa mguu, kidogo tu, upande wangu.

Sindano akasema, bila kunyanyua macho kwenye pindo lake, "Usimharakishe, kaka. Yeye anajua uchungu wa kupotezwa na namba."

Nilishika kalamu. Jina langu ndilo neno pekee ninaloandika haraka. Pale ndipo nilipoona jinsi maisha yalivyo mepesi ukiwa na mtu wa kumlaumu: saini moja, kiti kimoja, mwanamke niliyemtaka, kaka mtu ananiita shemeji. Na yule mzee hatasema kitu. Ameshakitia kibao mfukoni.

"Nilikitundika mimi," nikasema.

Kaka akasema ndiyo, wote wanajua nilitundika mimi, kama nilivyopewa.

"Nilikitundika kichwa chini. Themanini na sita ukiipindua ni tisini na nane. Kulikuwa na mstari wa kuonyesha chini ni wapi. Jumatano tuliambiwa. Sikusikiliza. Na mzee alitaka kukagua, mimi nikamkatalia."

Mkono wa Sindano ukasimama.

"Sasa jana ulikuwa unapiga kelele za nini?" kaka akauliza.

"Nilikuwa sijajua."

"Na ulipojua?"

Kuna maswali mtu unayaona yanakuja kama gari, na miguu haitoki barabarani. "Nilipojua," nikasema, "nikaongeza."

Kaka akaichukua barua yake mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya na mikono. Aliniambia kwamba wezi anawaheshimu zaidi, kwa kuwa mwizi akiiba haombi shukrani. Alisema dada yake atatembea na magongo wiki sita, na kwamba mzee wa watu amebeba aibu ya mtu ambaye jana alikuwa anamtemea mate usoni. Yote yalikuwa kweli. Mwisho akakivuta kile kiti, akakirudisha ukutani kabisa.

"Kaka," Sindano akasema, "weka maji jikoni."

"Maji ya nini?"

"Ya kuchemka."

Akaenda. Tukabaki wawili na mapazia. Nilikuwa bado nimesimama. Nilimwambia nakwenda kwa Mwenyekiti nikitoka hapa, na Jumamosi ijayo nitasimama mbele ya wale wale arobaini. Nilimwambia hahitaji kunisamehe. Lile neno la wiki nzima lilikuwa bado lipo kooni, lakini limekuwa kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa: hautoki, haufungui.

 Sindano akachukua chaki yake ya kushonea, ile bapa ya bluu, akaandika juu ya kile kitambaa cha chungwa: themanini na sita. Akapiga mstari chini. Akakizungusha kitambaa juu ya paja, akakitazama. Akakirudisha. Akakizungusha tena.

"Kumbe," akasema taratibu. "Hesabu yangu ilikuwa sahihi."

"Ilikuwa sahihi."

"Nilifika."

"Ulifika."

Nikadhani atalia, au atanifukuza. Nilikuwa tayari kwa yote mawili. Lakini uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na kitu kingine, kitu kama cha mtu aliyeanza kushona mahali akagundua kitambaa kimechanika mpaka mbali. Akafuta zile namba kwa kiganja. Kisha akaandika tena, safari hii namba moja peke yake. Sita. Akapiga mstari chini yake.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

"Tangu Alhamisi," akasema, "kuna jambo limenikaa. Nilitaka kuliuliza pale pale ngazini, nikakuonea huruma. Nikasema huenda nakosea. Mtu amebeba kitu miaka mitatu, wewe ni nani umguse." Alikuwa anakizungusha kitambaa, polepole, na mstari wa bluu ulikuwa unapanda upande mmoja. Jikoni birika lilikuwa limeanza kuimba. Alipomaliza kukizungusha akakiweka mapajani mwake kinitazame, na hapo ndipo aliponyanyua macho, yale yale ya siku ya kufuli.

"Fundi," akasema. "Yule muuguzi alikwambia geuka, au alikwambia geuza?"